Mabadiliko ya Rekodi ya Agatha

Jumatatu, 7 Juni 2004

Umeme umerudi saa tatu. Seva imewaka bila matata. Baridi kali, vidole havitaki kubonyeza.

Nimemaliza kazi ya matoleo. Sasa mtu akibadilisha chochote kwenye rekodi ya mchangia damu, ile ya zamani haipotei. Ninayo maktaba ya programu inayosimama kati yangu na hifadhidata: naiambia tu "mhifadhi mchangiaji huyu," yenyewe inajua aandikwe kwenye jedwali gani. Nimeifundisha jambo moja zaidi. Kabla ya kuandika, ipige nakala ya ilivyokuwa, iibandike tarehe, saa na jina la aliyebadilisha. Nimejaribu mara kumi na mbili. Sawa zote.

Labda sasa nitalala. Tangu Aprili silali vizuri. Mama mmoja wa wodi ya wazazi alikaribia kuwekewa damu isiyo ya kundi lake. Mtu alibadilisha herufi moja kwenye kompyuta, na hakuna aliyejua ni nani wala lini. Nesi aligundua chupa imeshatundikwa. Programu ile niliiandika mimi.

Jumanne, 8 Juni

Nimemwonyesha Mganga Mfawidhi, mkuu wetu hapa hospitalini. Amefurahi mno. Ametaka mapokezi nao waone, ili kila mtu ajue anaonekana. Nimetengeneza ukurasa unaitwa Mabadiliko. Kitufe kimoja tu. Imenichukua saa mbili. Nimejivuna, nakiri.

Alhamisi, 10 Juni

Jana hospitali nzima tulichangia damu, wafanyakazi kwanza, kisha watu wa mjini. Mkono wangu bado unauma. Agatha wa mapokezi alinicheka nilivyofumba macho. Ni binti wa hapa hapa Songea, mcheshi, kila mgonjwa anamjua kwa jina. Septemba anaolewa na mwalimu mmoja wa Namtumbo, Deo. Kanisa limeshatangaza.

Leo Mzee Haule wa maabara ameingiza majibu mwenyewe, kwa vidole viwili. INAFAA au HAIFAI, basi. Kesho anaanza likizo, anakwenda kwao Lusewa kuvuna mahindi.

Jumatatu, 14 Juni

Kuna kitu mapokezi. Wanawake wawili wananong'ona, nikipita wananyamaza. Agatha hakucheka leo. Nilidhani anaumwa.

Jumanne, 15 Juni

Nimejua. Heri nisingejua.

Karani wa zamu ya mchana alifungua rekodi ya Agatha, akabonyeza Mabadiliko. Toleo la kwanza, Alhamisi, saa nne na dakika kumi na mbili: HAIFAI. La pili, saa nane na dakika arobaini: INAFAA. Yote kwa jina la Mzee Haule. Karani akatafsiri anavyotaka. Damu ya Agatha ina ugonjwa, na Mzee amemfichia kwa sababu ni mwenzao. Hivyo ndivyo inavyosemwa hadi sokoni. Mama mwenye nyumba wangu kule Bombambili ameniuliza kama ni kweli, akinimiminia uji.

Nimekaa na uji umepoa. Programu imesema kweli tupu: nani, lini, nini. Haikusema kwa nini. Sikuweka mahali pa kusemea.

Jumatano, 16 Juni

Agatha amekuja ofisini kwangu asubuhi. Hakukaa. Macho mekundu lakini sauti imetulia.

"Kaka Salimu, ufunge ule ukurasa. Leo hii."

Nikamwambia naweza kufanya zaidi. Naweza kulifuta lile toleo la kwanza, dakika moja tu, lisionekane tena.

"Mstari wangu uache," akasema. "Wewe funga ukurasa."

Nimefunga kabla hajafika mlangoni. Sasa unafunguka kwenye mashine yangu tu. Nimeona ni kiburi, kukataa nisimfutie. Au hataki ionekane ameficha. Sielewi.

Nimekwenda maabara. Daftari la Mzee Haule kwa siku ile limeandikwa INAFAA kwenye namba ya Agatha, safi, bila kukatwa. Lakini wataniambia limeandikwa baadaye. Mwenye kujua ni yeye tu, na Lusewa hakuna simu inayoshika.

Alhamisi, 17 Juni

Mshenga wa akina Deo amekuja kwa mama yake Agatha. Wanaomba mambo yasimame kwanza. Hawakutaja sababu. Agatha amekuja kazini kama kawaida. Saa nne, wakati wa chai, hakuna aliyekaa karibu naye. Nikaenda kukaa mimi. Nikanywa chai.

Ijumaa, 18 Juni

Mganga Mfawidhi ameniita. Anataka nifute historia yote, ya watu wote, tangu mwanzo. Anasema ni mimi niliyeleta balaa hili hospitalini. Ni kweli, na imeniuma kwa sababu ni kweli. Nilimkumbusha yule mama wa Aprili. Akasema nina mpaka Jumatatu.

Nimesali Ijumaa bila kusikia hotuba. Kesho nakwenda Lusewa.

Jumapili, 20 Juni

Nimerudi mchana huu, vumbi hadi kwenye masikio. Jana nilipanda lori tupu lililokuwa likifuata mahindi. Lusewa nilimkuta Mzee Haule uani anapukuchua na mkewe. Nilimwamkia, akanipa kigoda, akataka nile kwanza. Ugali haukushuka. Nikamweleza.

Aliweka gunzi chini.

Akasema asubuhi ile aliruka mstari mmoja. Jibu la mtu mwingine aliliingiza kwa Agatha. Mchana, akilinganisha na daftari, akaona, akasahihisha pote pawili. Agatha hana tatizo lolote. Huyo mwingine aliitwa Alhamisi ile ile, akaambiwa faraghani, akaanzishiwa matibabu.

Nilifurahi nikasimama. Nikamwomba aandike hivyo hivyo, jina la mwenye jibu pia, watu waamini.

"Mwanangu, kaa," akasema. "Nikimtaja, mzigo haujatuliwa. Umehamishwa kichwa tu."

Ameandika barua fupi. Kwamba aliruka mstari, kosa ni lake, damu ya Agatha ni salama. Ametia sahihi. Ameniambia nimwombee msamaha kwa Agatha, na kwamba atakuja mwenyewe akimaliza kuvuna.

Jumatatu, 21 Juni

Nimefika ofisini saa moja. Kwenye lori jana nilikuwa nimewaza jambo, nikatokwa jasho. Amesahihisha pote pawili. Basi ipo rekodi nyingine iliyobadilika muda ule ule.

Nimefungua orodha ya mabadiliko ya Alhamisi ile. Ipo. Saa nane na dakika arobaini na moja. Kutoka INAFAA kwenda HAIFAI. Jina limeandikwa pale. Dakika moja baada ya Agatha, mstari wa chini yake. Nimefunga haraka, lakini nilishaona. Ni mtu ninayemfahamu.

Siku tano nzima, Ijumaa ile hadi Jumatano asubuhi, orodha hiyo ilikuwa wazi mapokezi. Kubonyeza tu. Mwenyezi Mungu alitusitiri, sijui vipi.

Agatha anakaa mbele ya mashine ile kutwa.

Nilimfuata stoo alikokuwa anapanga majalada. Nikamwambia, "Ulijua."

"Tangu siku ya kwanza," akasema. Aliendelea kupanga.

Nikamwuliza kwa nini hakusema, hata kwa mama yake, hata kwa Deo.

"Ningesemaje, kaka? Kwamba si mimi, ni yule? Hata mstari wangu ungefutwa, macho yangeshuka kwenye wa chini yake. Mimi nina la kujitetea. Yule hana."

Nilisimama na barua ya Mzee mkononi kama mtoto aliyetumwa dukani akasahau alichotumwa. Nikampa. Nikamwomba msamaha, wa Mzee na wangu. Ameipokea. Amesema kosa la Mzee ni la macho, langu ni la kutofikiri. Hakulisema kwa hasira. Ingekuwa kwa hasira ningelibeba kirahisi zaidi.

Jumanne, 22 Juni

Agatha alimpelekea Mganga Mfawidhi barua jana jioni, na leo amewasomea wafanyakazi wote. Hakuongeza neno. Karani wa zamu ya mchana aliangalia sakafu. Baadaye alimfuata Agatha nje. Sijui walisema nini.

Mimi nimemwambia Mganga sitafuta historia. Bila hiyo, hata Mzee angebaki na neno lake tu. Ila ataiona yeye na mkuu wa maabara, basi. Na hakuna badiliko litakalopokelewa bila sababu kuandikwa. Amefikiri, akakubali. Ameongeza kwamba nikikosea tena nitafute kazi kwingine. Sawa.

Ijumaa, 2 Julai

Sababu imewekwa. Ukiiacha tupu, programu inakataa kuhifadhi. Maabara wanalalamika inawachelewesha. Nawaacha walalamike. Bado naamka alfajiri moyo ukinienda mbio, nikijiuliza ni nini kingine nilichokiacha wazi.

Deo alikuja Jumapili na mama yake. Agatha amenisimulia mwenyewe. Waliomba radhi, wakapewa chai. Deo akataka Septemba ibaki pale pale. Agatha amewaambia warudi baada ya Krismasi, wazungumze. Nilimwuliza kama bado anampenda. Akasema ndiyo. Lakini anataka kwanza ajue ataishi na mtu gani siku neno jingine likija.

Jumatatu, 12 Julai

Mzee Haule amerudi. Amemletea Agatha gunia dogo la mahindi. Waliongea nje, kwenye jua, mzee amevua kofia.

Foleni ndefu leo. Nilikuwa mapokezi natengeneza printa. Mwanamke mmoja alifika karibu na dirisha la Agatha, akasita, akaanza kuhamia foleni nyingine. Agatha alimwita, taratibu, kama anavyowaita wote. Akamwuliza habari za nyumbani. Akampa kadi yake imefunikwa na karatasi nyeupe, akamwelekeza chumba. Mwanamke alishukuru akaenda.

Jina lake, lile la mstari wa chini, siliandiki, hata humu.