Matone ya Kufuatisha

Munje, 14 Mei

Mdogo wangu Hafsa,

Nakusalimu wewe na mumeo huko Mackinnon Road. Huku mvua inanyesha kila siku na darasa langu la chekechea limejaa matope. Sikupigii simu, maana utalia nami sitaki kukusikia.

Watoto wanajifunza kuandika. Kila msimu nawachorea kitu kwa nukta, nao wanafuatisha kwa penseli. Wakati wa korosho walifuatisha korosho, na mwanao Mwanakombo akaniuliza, "Mama mkubwa, mama si alisema atakuja korosho zikiiva?" Wakati wa maembe akauliza tena. Hukuja, kwa kuwa mumeo hataki mtoto asiye wake.

Jumatatu niliwachorea matone ya mvua, na chini yake neno "mama". Mwanakombo alilifuatisha vizuri kuliko wenzake wote, akaniletea karatasi.

"Mpelekee mama, aone najua kuandika, aje."

Nikamwambia, "Mama yako amekufa."

Nilikuwa nimechoka, Hafsa. Hakulia. Aliomba kifutio, akalifuta lile neno mpaka karatasi ikatoboka.

Habari ilifika kwa majirani kabla ya adhuhuri. Wakaja kuhani, nami nikawapikia kahawa na kupokea pole zao zote.

Jana nilipata ujumbe wako kwamba mumeo amekuacha na Ijumaa unarudi nyumbani. Usije. Mtoto ameshaacha kukuulizia.

Dada yako,
Mwanatumu