Ng'ombe Wenye Chapa Yangu

Östermalm, Stockholm
12 Februari 2022

Baba yangu mpenzi,

Shikamoo. Mimi mzima, ila baridi, na hiyo si habari tena. Wewe je, goti linakuacha ulale? Kaka Vedasto na mkewe hawajambo? Na ng'ombe wangu?

Huku bado naitwa Malkia wa Ng'ombe. Jumamosi nilifanya sherehe ukumbini Bredäng. Walikuja Watanzania, Wakenya, Wakongo, hata wale wanaosafisha ndege, wametoka zamu moja kwa moja na sare zao. Mshonaji wangu Mkongo, Mama Célestine, alinivalisha gauni lenye mkia kama wa bibi harusi, akasema, "Leo utawaua, ma chérie." Nilicheka mpaka nikajimwagia shampeni. Ukiwa binti wa mwenye ranchi, watu wanakuchekea hata usipochekesha.

Lakini yuko mmoja asiyecheka ovyo. Anaitwa Elijah. Amezaliwa hapa hapa, wazazi wake Wakenya, anafundisha hesabu Hässelby. Ametaka kunioa. Baba, nampenda mpaka naona haya kukuandikia. Nimemwambia asubiri nisikie neno lako. Usilikawize.

Mwanao mpenzi,
Orpha


Karagwe
9 Machi 2022

Mwanangu Orpha,

Marahaba. Goti lina siku zake, leo limeniruhusu nifike joshoni kuogesha ng'ombe. Kaka yako anakusalimu sana. Mvua zimeanza na majani ni mazuri.

Habari ya kijana nimeisoma. Simjui, kwa hiyo simchukii. Lakini wewe huolewi kama mabinti wengine. Ulipotimiza miaka tisa niliwapiga ng'ombe wote chapa ya O, ya jina lako, nawe ukashika chuma pamoja nami, moshi ukakutoa machozi. Ukoo ulinung'unika kwamba ranchi haipewi mtoto wa kike. Nikasimama nawe. Sasa ukiolewa na mtu asiyejua hata harufu ya samadi, watasema nimepeleka mali ya ukoo kwa watu baki, nao watanipokonya nguvu ya kukutetea.

Mwambie haiwezekani. Subira huvuta heri, mwanangu. Nikishaweka mambo sawa utaolewa kwa fahari ambayo wilaya hii haijaiona. Na kuja usije kwanza, barabara zimeharibika.

Baba yako


Stockholm
2 Aprili 2022

Baba,

Shikamoo. Natumaini umeamka salama.

Nimemkataa. Nilimweleza yote, ranchi, ukoo, ahadi yako. Akasikiliza, kisha akaniuliza, "Na babako akikudanganya je?" Nikakasirika kweli kweli. Nikamwambia baba yangu hajawahi kunidanganya tangu nizaliwe, na asirudie. Alifunga kamba za viatu pale mlangoni, akakosea, akazifungua, akaanza tena. Nilitamani kuinama nimsaidie.

Nimelia, sikufichi. Lakini najua ninayemlilia na najua kwa nini nimemwacha. Nitunzie ng'ombe wangu.

Mwanao,
Orpha


Karagwe
20 Mei 2024

Mwanangu,

U hali gani? Sisi huku twashukuru. Siku hizi barua zako zimekuwa fupi, nadhani ni shughuli.

Umeomba picha ya kundi kwa ajili ya sherehe yako ya kuzaliwa. Mimi mambo ya simu siyawezi, nimemwachia Vedasto. Amepiga nzuri, wakati wa kunywesha, na amekutumia.

Nimesikia yule kijana ameoa. Pole. Kila mtu na riziki yake.

Baba yako


Stockholm
1 Julai 2024

Baba,

Shikamoo. Habari za goti leo sikuulizi.

Ile picha niliichapisha kubwa, ikajaza ukuta mzima wa ukumbi. Nilishika kipaza sauti nikasema, "Ndugu zangu, tazameni jasho la baba yangu!" Nikageuka nami nitazame. Mbele kabisa kulikuwa na jike mwekundu, paja lake kubwa kuliko mimi, na paja hilo lilikuwa na V. V ya Vedasto. Nikatafuta O yangu. Wakongwe watatu walikuwa nayo, imechomewa V juu yake. Wengine wote V tupu. Watu wakapiga makofi, maana wao waliona pembe tu. Nami nikapiga makofi pamoja nao, ningefanya nini?

Usiniambie ni jambo la juzi. Nina magauni mengi, lakini nimekulia zizini. Ndama wetu hupigwa chapa kabla hajatimiza mwaka, na yule mwekundu ana pembe za ng'ombe wa miaka mitano. Siku uliponiandikia "subira huvuta heri", alikuwa na V tayari. Nimemwacha Elijah kwa ajili ya ng'ombe wasio wangu.

Kama Vedasto aliyafanya haya kwa siri, niambie, nitakuja nikuangukie miguuni kwa kukudhania vibaya. Kama ulijua, niambie pia. Nimesikia tangu utotoni kwamba kikulacho ki nguoni mwako. Sikuwahi kukutilia shaka wewe.

Mwanao,
Orpha


Karagwe
28 Agosti 2024

Mwanangu Orpha,

Marahaba. Nimekawia kwa sababu sikuwa na uso wa kukuandikia.

Vedasto hakuiba. Nilimpa mimi, mwaka 2019. Ukoo ulinikalia vikao mpaka nikachoka. Walisema siku nikifa watakufungia geti, na kaka yako ndiye atakayebaki kulinda. Nikakubali. Nikajiambia nitakueleza ukija. Korona ikafunga njia, nikafurahi. Zilipofunguliwa, kila ulipotaka kuja nilikutafutia sababu.

Kisha ukaandika habari za Elijah. Ungeolewa, ningekufanyia sherehe ya kukuaga. Siku hiyo baba husimama mbele ya watu akataja anachompa binti yake. Wilaya nzima inajua nilikuahidi nini. Ningetaja nini, Orpha? Niliogopa aibu. Ndiyo sababu nilikuambia umkatae, sikuwa na nyingine.

Nisamehe. Nimezungumza na kaka yako, atakutengea ng'ombe mia moja tuwapige O. Njoo uwachague mwenyewe.

Baba yako akupendaye


Stockholm
19 Septemba 2024

Baba,

Shikamoo.

Kwa hiyo ulipima, aibu yako upande mmoja na maisha yangu upande wa pili, ukaona aibu ni nzito. Nimeumia, baba. Nimeumia mahali ambapo hata kifo cha mama hakikufika.

Watu wa huku nimewaambia ukweli, kwamba sina ranchi. Mialiko imekatika siku hiyo hiyo. Amekuja Mama Célestine peke yake na sufuria ya kisamvu, akasema, "Ngombe haiko, lakini sombe iko. Kula." Nimekula.

Ng'ombe mia moja mwachie Vedasto. Umeniambia nije nichague. Nachagua nikiwa huku huku. Mwandikie Elijah. Ana mke na mtoto, sitaki kitu kwake. Ila anaamini nilimpima na ng'ombe nikamwona mwepesi, na anatembea na hilo moyoni. Mwambie ulinidanganya, na kwa nini. Barua moja, kwa mkono wako. Anuani yake nimeitia humu. Ukifanya hivyo nitarudi nyumbani nikuuguze goti, na neno hili sitalitaja tena mpaka nikuzike.

Mwanao,
Orpha


Karagwe
30 Oktoba 2024

Mwanangu kipenzi,

Marahaba. Natumaini barua hii itakukuta na afya.

Nimekaa mezani na kalamu. Nimeandika "Kwa Elijah", nikaishia hapo. Kesho yake nikaishia hapo tena. Orpha, mimi ni mzee wa kanisa. Watu wanakuja barazani kwangu niwaamulie kesi zao. Nitamwandikiaje mtoto wa watu kwamba mimi ni mwongo? Barua haikai kwa mtu mmoja. Ataisoma mkewe, watasoma wazazi wake, siku moja itafika huku. Hata Vedasto ameona si busara.

Usinibebeshe hili uzeeni. Nitakupa ng'ombe mia mbili badala ya mia. Nitakupa nyumba ya Bukoba, ile inayotazama ziwa, iandikwe jina lako. Niombe kingine chochote, mwanangu. Niombe kingine.

Baba yako


Stockholm
17 Novemba 2024

Baba,

Shikamoo.

Sina kingine.

Orpha