Sufuria ya Kapita

Jumatatu, 3 Juni

Wali umeungua tena. Nimeukwangua, nimewapa kuku. Nimeanza upya: wali wa maji mengi, boga, ute wa yai, nyama kidogo. Bila chumvi. Kapita amenusa, akanitazama, akaenda kulala chini ya meza ya vifaa. Mbwa aliyekulia bugali na ndagala, samaki wadogo wa ziwa letu, hana haja na uji wa hospitali. Namwelewa. Hasira ninazo hata hivyo.

Mvuvi mmoja amekuja kuulizia moteri ya mtumbwi wake. Nimemwambia kesho. Juzi pia nilimwambia kesho.

Jumanne, 4 Juni

Daktari wa mifugo, kijana anayeshuka kutoka Fizi kwa pikipiki, amepita kumtazama. Amerudia yaleyale ya wiki iliyopita. "Mafigo yake imechoka, papa. Haitapona. Lakini ukimupikia muzuri, iko na wakati." Munyu, yaani chumvi, hapana. Ndagala hapana.

Mimi nilimwelewa mara ya kwanza. Figo ni filta. Filta ikichoka, usiipelekee uchafu zaidi. Ila hii siwezi kuifungua, siwezi kuiosha kwa petroli, siwezi kuagiza nyingine Uvira. Sipendi kitu kisichofunguka kwa spana.

Ijumaa, 7 Juni

Mke wangu bado yuko Uvira kwa binti yetu aliyejifungua. Amenicheka kwenye simu mpaka mtoto akaamka. Kisha akanifundisha. Nyama ya ng'ombe mzee na majani ya maboga vinataka maji ya majivu, vitalainika mbio na makaa hayataisha. Kila jiko la hapa Baraka linajua hilo, isipokuwa mimi.

Nimechoma maganda ya ndizi, nikamwagia majivu yake maji, nikachuja kwa kitambaa safi. Nikachuja tena. Kuchuja ndiyo kazi yangu.

Nyama imekatika kwa kidole. Kapita amemaliza sahani, akailamba, akaisukuma kwa pua mpaka mlangoni. Nimefurahi kama mjinga. Jioni hiyohiyo nimeifunga moteri ya mvuvi, na imewaka.

Alhamisi, 13 Juni

Anakula vizuri na anazidi kuumwa. Hapo ndipo kichwa kinaniuma.

Anakunywa bakuli zima la maji na kuomba jingine. Amekojoa ndani ya nyumba, kitu ambacho hajawahi kufanya, akajificha nyuma ya pipa kwa aibu. Asubuhi anatapika. Chanzo ni ndagala tu, hakuna kingine. Mama Neema, jirani, anaanika zake nyuma ya ua wetu, na zile za kupeleka Lulimba anazitia chumvi. Nimezunguka ua mchana mzima nikitafuta tundu. Nimelipata, nimeliziba kwa bati. Raha sina. Naketi, nasimama, nashika spana, naiweka.

Jumamosi, 15 Juni

Leo nimefanya ubaya.

Kapita ametapika mbele ya mlango. Nimetoka na hasira zote. Nimemwambia Mama Neema, mbele ya wanawake wanaoanika naye, kwamba anampa mbwa wangu sumu. Neno hilohilo. Hapa kwetu halitolewi hivihivi, ni kama kumwita mtu mchawi, na kuna watu wamehama mtaa kwa sababu yake. Mama Neema ameacha kugeuza samaki.

"Papa Asende, ile imbwa naifukuzaka na fimbo kila siku kwa ajili yako. Na we unaniita mulozi?"

Nimerudi ndani nimemfunga Kapita kamba. Amelia mpaka jioni. Huyu ndiye mbwa aliyeogelea nyuma ya mtumbwi mwaka tulipokimbia vita kwenda Ubwari. Hapakuwa na nafasi, na mke wangu alikataa tuendelee mpaka avutwe ndani. Sasa namfunga kama mbuzi wa sokoni.

Jumanne, 18 Juni

Kamba tangu Jumamosi. Hajagusa ndagala hata moja. Hali ni mbaya kuliko mwanzo. Ulimi mkavu, miguu ya nyuma inatetemeka.

Kwa hiyo kinachoingia tumboni mwake ni changu peke yake. Nimeosha sufuria kwa mchanga. Nimebadilisha maji. Nimenunua mchele kwingine. Ninaogopa.

Jumatano, 19 Juni

Nimebandika maji ya majivu yachemke, yapungue, yawe mazito ya kutosha wiki nzima. Kapita ameanguka uani. Nimemkimbilia, nimekaa naye mpaka akaweza kuinua kichwa. Sufuria nikaisahau.

Niliporudi imekauka. Chini umebaki unga mweupe, umeshika pembeni. Nimechovya kidole, nimelamba.

Chumvi. Kali, ina uchungu kidogo, lakini chumvi. Ndivyo bibi zetu walivyoipata kabla ya duka. Nilisimuliwa nikiwa mtoto, na siku zote hizi sikuunganisha mambo hayo mawili. Chumvi kwangu ni ile ya pakiti, na pakiti niliificha juu ya kabati. Ndiyo maana alikuwa akimaliza sahani. Nilikuwa namwua mimi, taratibu, kwa kitambaa safi, huku nikifurahi akilamba.

Nimempigia daktari. Amesema kwamba naye hakufikiria kuniuliza napikia nini. Kesho analeta serumu, maji ya kumtilia mshipani. Mke wangu sijamwambia. Atalia, na sitaki asikie kwa simu.

Ijumaa, 21 Juni

Serumu ilimwingia jana polepole. Nilishika chupa juu mpaka mkono ukafa ganzi. Amelala, anapumua.

Nimeenda kwa Mama Neema. Nimengoja wanawake wote wawepo, maana nilimtukana mbele yao. Nimesema sumu ilitoka kwenye sufuria yangu. Nimeeleza habari ya majivu. Mmoja amecheka. Mama Neema hakucheka. Amesema tu, "Nimesikia, papa," akaendelea kugeuza samaki wake. Kama amenisamehe sijui. Sikuuliza.

Jumapili, 23 Juni

Amesimama. Ametembea mpaka kwenye ua na kurudi. Daktari anasema nisitarajie mengi. Labda ataziona mvua, labda hapana.

Chakula kisicho na majivu hakitaki kabisa. Jana nimejaribu kwa kidole, akafunga meno na kugeuza uso. Nimemsihi kama mtu. Nimemfokea. Nimetoka nje, nimerudi, nimetoka tena.

Leo baada ya kanisa nimepakua sahani mbili kutoka sufuria moja. Nimekaa chini karibu naye na kuanza yangu. Wali, boga, nyama ngumu, hakuna chumvi hata chembe. Ni chakula kibaya sana. Nimetafuna polepole na yeye ananitazama mdomo. Nilipofika katikati ameinama akala kidogo. Akapumzika. Akala tena. Hakumaliza.

Mimi nimemaliza yangu, ili aone. Kesho nitapika tena chakula cha watu wawili.