Tezi ya Gramu Mia na Kumi

Jumatatu, 6 Oktoba 2008
Wodi ya wanaume, kitanda cha nane. Mpira wa mkojo bado umo. Tezi dume imevimba mno — si saratani, asante Mungu — lakini lazima operesheni. Na nani kaletwa kitanda cha tisa, ugonjwa uleule? Stephen wa Ziwa! Eldoret nzima hakuna wodi nyingine?

Muthoni, mke wangu, kamwona yeye kabla yangu. "Chamgei," kamwamkia kwa Kikalenjin chake. Miaka ishirini na sita ya ndoa, salamu yetu ya Kijaluo bado inamshinda.

Jumatano, 8 Oktoba
Daktari ameeleza. Stephen ataingizwa chombo kupitia njia ya mkojo, tezi ikwanguliwe kidogo kidogo. Hapasuliwi. Siku tatu, nyumbani. Mimi nipasuliwe chini ya kitovu, tezi itolewe kwa mkono, nilale siku kumi, na ndugu watoe damu painti mbili. Nikasema nataka kama ya Stephen! Akasema yake ni gramu arobaini, yangu mia na kumi. Kuikwangua yote ni kazi ndefu na ya hatari.

Mia na kumi! Angalau hapo nimemshinda. Nikamwambia Muthoni. Hakucheka.

Ijumaa, 10 Oktoba
Stephen alifanyiwa operesheni jana. Leo anatembea. Anatembea! Muthoni kaleta uji, chupa moja, vikombe viwili. Cha Stephen kikajazwa kwanza.

Naona wivu. Basi, nimeandika. Naona wivu tangu Januari, ghasia za uchaguzi, vijana walipozunguka mtaa wetu wa Langas nyumba kwa nyumba wakitafuta Wakikuyu, Stephen akaja na pikapu, akamficha mke wangu kwake, kijijini Ziwa, wiki sita. Mwanamume aliyefiwa na mke! Sijawahi kuuliza kitu.

Jumapili, 12 Oktoba
Nimekataa kusaini. Nikwanguliwe, au niachwe na mpira wangu. Isitoshe, ndugu zangu wako Siaya, damu itoke wapi? Muthoni akasema ipo tayari. Jeruto, binti ya Stephen, ametoa, na mumewe pia. Nani aliwaomba? "Mimi."

Ndipo likanitoka: Ziwa kulikuwa na nini? Akasema kulikuwa na uoga. Stephen alilala nje ya mlango wa chumba alicholala Muthoni wiki zote sita, na upinde, watu wake mwenyewe wakimwita msaliti. Kisha akaniuliza, bila hasira, mimi nilikuwa wapi.

Nilikuwa Langas. Nalinda sofa na televisheni zisiibwe.

Jumatatu, 13 Oktoba
Saa mbili asubuhi. Sijala. Kitanda cha magurudumu kimefika. Nimesaini — nipasuliwe! Kumbe fomu ina upande wa nyuma: mtu wa kuitwa pakitokea lolote. Muthoni. Nesi anataka wa pili, aliye karibu, si wa Siaya. Nimefikiri watu wote ninaowajua mji huu. Nimeandika Stephen.

Namba yake siijui. Muthoni anaitaja kwa kichwa, bila kutazama simu. Nesi anangoja. Nimefika sifuri saba mbili —