Mimi na Kaisari Tunakwenda Kulala Mlimani

Igurwa,
Karagwe, Kagera.
Jumapili, 6 Julai 2025

Mpendwa mdogo wangu Celestina,

Habari za huko Newala? Naomba barua hii ikukute mzima, wewe, shemeji na watoto. Huku sote tunapumua vizuri. Goti langu la kushoto lilinisumbua sana wakati wa masika, lakini kiangazi kimeingia na lenyewe limenyamaza. Mama mkwe wako anaendeleaje? Uliniandikia kwamba hawezi tena kujigeuza kitandani. Nimemwombea kila siku tangu nilipopata barua yako. Na wewe pole sana, maana kazi hiyo naijua.

Ombi lako nimelisoma, nikalirudia. Unataka nifunge nyumba nije kukaa kwako nimhudumie mama mkwe, kwa kuwa mimi nina uzoefu na huku sina tena mtu wa kumwangalia. Jibu lako limo humu humu, usiruke mistari kulitafuta. Nimeamua kuandika kwa sababu kwenye simu unanizidi kuongea. Kabla sijasema langu, najikuta nimeshakubali la kwako.

Kwanza habari za nyumbani. Kahawa ya mwaka huu haikutuangusha. Nyingi nimeshaianika na kuipeleka chama cha ushirika, iliyobaki mtini ni ile ya kuokoteza. Mnyauko umeingia kwenye migomba ya majirani wa bondeni, lakini kibanja cha mama, migomba na mibuni yake yote, bado kiko salama. Kila ninapokata mkungu naunguza panga motoni kwanza, kama bwana shamba alivyotufundisha. Watu wananicheka kwamba nalichoma panga kama muhogo. Acha wacheke, matoke nakula mimi.

Sasa tafuta kiti ukae. Jumatano mimi na Kaisari tunakwenda kupiga kambi Kyerwa. Ndiyo, Kaisari yule yule, mbwa wa mama, aliyepewa jina hilo kwa sababu tangu akiwa mdogo alidai chake hata kama sufuria bado iko mekoni. Tutalala kwenye kilima anakochungia ng'ombe Mzee Ildefonsi, yule rafiki wa mama aliyekuwa akimletea maziwa. Ukisimama pale juu unauona Mto Kagera ukijikunjakunja huko chini, na ng'ambo yake milima ya Rwanda. Tutakaa hadi Jumamosi.

Najua unachosema sasa hivi, hata sauti yako naisikia. Mtu mwenye nyumba ya bati anakwenda kulala nje ili iweje? Celestina, unakumbuka vijana wa usharika wanavyopiga kambi kila mwaka? Miaka yote ya ugonjwa wa mama mimi nilikuwa mpishi wao, ila mpishi wa mchana tu. Jua likianza kuinama nilikuwa nasugua masufuria haraka haraka na kurudi mbio nyumbani kumgeuza mama. Nyimbo zao za jioni nilizisikilizia njiani. Silalamiki. Mama nilimpenda, na ningeulizwa leo ningemhudumia tena. Lakini nilitamani kukaa pale hadi moto uzime, na sikuwahi kumwambia mtu. Sasa nakwambia wewe.

Joanitha, jirani yangu wa hapa chini, alinishauri niende hifadhini kama watalii. Nikauliza. Kumbe hifadhini hawaruhusu mbwa kuingia. Basi, bila Kaisari siendi popote, na Mzee Ildefonsi hajali mbwa ili mradi asifukuze ndama.

Hema nilinunua la mtumba mnadani. Ni la kijani na lilikuwa limechanika ubavuni, fundi cherehani akalitia kiraka cha turubai la bluu. Halikuja na vigingi. Nilichonga vyangu kwa mashina ya mibuni mizee tuliyong'oa, na vile vinavyoshika ardhi, hata ng'ombe akivikwaa atajuta yeye. Nimefunga unga wa uji, maharage, viazi vitamu, na zile kahawa za kutafuna ambazo mama alikuwa akizikunja kwenye jani la mgomba. Nimechukua blanketi mbili nzito, maana baridi ya Kyerwa mwezi huu haina huruma. Kaisari ana dagaa wake, na bwana mifugo ameshamchoma sindano ya kichaa cha mbwa. Kupe nitamtoa kila jioni kwa mkono, kwa sababu pale palipo na ng'ombe kupe hawakosi.

Vitu havikunisumbua. Aliyenisumbua ni Kaisari mwenyewe. Unajua mbwa wetu wa huku wanavyolelewa: mchana amefungwa kamba, usiku anafunguliwa alinde. Kwa Kaisari mchana ni wa kulala na usiku ni wa kazi. Sasa mbwa wa namna hiyo utampelekaje kambini? Atakoroma mchana kutwa, usiku atatoroka kurudi kulinda nyumba ya Igurwa. Nikaanza kumbadilisha taratibu. Mchana natembea naye hadi kwenye miti ya mikaratusi na kurudi, achoke. Jioni namlisha mbele ya hema, ambalo nililisimamisha mwisho wa kibanja, karibu na mibuni, tuzoee wote wawili kulala humo.

Jioni ya kwanza alikula vizuri, akajilamba, akajikunja mlangoni. Nikajisifu kwamba mimi ni mwalimu hodari. Asubuhi naamka, mbwa hayupo. Namkuta wapi? Chini ya dirisha la mama, kichwa juu ya miguu, macho wazi. Kesho yake vivyo hivyo, na keshokutwa. Mwaka mzima tangu tumzike mama, Kaisari alikuwa bado anamlinda, na mimi niliyekuwa nalala ndani sikujua. Celestina, nililia pale nje na ndoo yangu mkononi. Nililia kwa sababu hata mimi bado naamka usiku kumgeuza mtu ambaye hayupo.

Wakati huo huo watu walikuwa wameshaliona hema. Hakuna aliyeniuliza kitu. Huku kwetu mwenye nyumba akionekana analala kwenye turubai nje, jibu ni moja tu: ndani hakukaliki. Zikaenea habari kwamba mama anarudi usiku na mimi nimekimbia chumba. Kuna aliyesema ameona hata mbwa hathubutu kuingia, anakaa dirishani akitetemeka.

Ijumaa alasiri nasikia pambio njiani. Kinamama wa usharika hao, Joanitha mbele, wamevaa vitenge vya sare, kila mmoja na chane yake ya ndizi. Nikamwamkia Mama Laurensia, kiongozi wao, shikamoo, akaitikia marahaba kwa sauti ya msibani. Akanishika mabega, akaniambia, "Waitu, Benadeta wetu, mwanangu, kwa nini umeteseka peke yako? Tungekuja mapema. Leo tunaiombea nyumba, na usiku utalala kitandani kwako."

Nikamweleza kwamba najifunza kulala kwenye hema kwa ajili ya kambi. Akatikisa kichwa kwa huruma, kama unavyomsikiliza mgonjwa wa homa. Nikaona nisibishane. Maombi hayajawahi kumuumiza mtu, na ndizi walizoleta zilikuwa nzuri.

Wakataka kuanzia chumba cha mama. Kweli nilikuwa nimekifunga tangu matanga yaishe, si kwa woga, ila kwa sababu nikiufungua ule mlango mikono ilikuwa inatafuta kazi. Nikafungua. Tukaingia wote, tukabanana kati ya kitanda na kabati, na Mama Laurensia akaanza kuomba kwa nguvu, akiamuru kila kisichotakiwa kitoke.

Hapo ndipo Kaisari alipoingia. Unajua kwetu mbwa haingii ndani, na huyu tangu azaliwe hajawahi kukanyaga sakafu ya mama. Nilikuwa nimesahau kumfunga. Alipita katikati ya miguu ya kinamama, na Joanitha alipohisi manyoya yanamgusa alipiga yowe lililokatiza maombi. Wengine wakapanda kitandani na viatu vyao. Wakataka kumfukuza kwa fagio. Nikasema hapana, mwacheni. Sijui sauti ile ilitoka wapi, lakini wote walitii.

Akanusa godoro. Akanusa chini ya kitanda, kona moja baada ya nyingine, mto, kiti cha kuogea, na ule ukuta mama aliokuwa akiuegemea. Hakuharakisha, na sisi tulisimama tukimtazama. Alipomaliza kona ya mwisho akanitazama, akatoka mwenyewe, akashuka kibanjani na kulala mlangoni pa hema. Mama Laurensia akasema "Amina."

Tangu siku ile hajarudi dirishani. Nami kesho yake niliweka godoro juani, nikaosha sakafu, nikaacha mlango wazi. Tuko tayari. Joanitha atalala kwangu kulinda nyumba, ingawa ameniomba nimwachie taa inawaka.

Basi sasa jibu lako. Siji, Celestina.

Sisemi hivi kwa hasira. Uliposema huku sina mtu wa kumwangalia, ulisema kweli, ila mimi nimeanza kuifurahia kweli hiyo na sitaki uninyang'anye. Ninyi wengine mlioa, mliolewa, mlisoma, mlihama, nami nikabaki, na nilibaki kwa kupenda. Lakini kubaki na mama yangu hakukunifanya muuguzi wa ukoo mzima. Nina miaka hamsini na sita. Nikija kwako sasa, nitatoka chumba kimoja cha mgonjwa na kuingia kingine, na baada ya hapo atapatikana mwingine, maana wazee wa kuuguzwa hawakosekani. Nimekipitia kile chumba kona zote. Sina ninachodaiwa mle.

Sikuachi mikono mitupu. Mgeuze mara kwa mara hata usiku, usingoje alalamike. Usimvute kwa mikono yake, utamtegua. Mtandikie shuka lililokunjwa chini ya kiuno, mmoja ashike upande huu na mwingine ule, mmwinue pamoja. Weka mto katikati ya magoti. Ukiona ngozi imekuwa nyekundu, usimlaze upande huo hadi ipoe. Na huyo wa kushika upande wa pili ni shemeji. Mama ni wake, na mikono yake ni mirefu kuliko yako. Mwambie nimesema mimi. Hata akiona haya siku za kwanza, atazoea, mbona mimi nilizoea.

Kwako nitakuja Desemba, Mungu akipenda, lakini nitakuja kama mgeni. Unichinjie kuku, unitandikie, na asubuhi uniache nilale hadi nichoke. Sijawahi kuwa mgeni wa mtu, nataka nijue kukoje.

Nisalimie shemeji na watoto, Deodatha na Ainebyona, na mwambie mama mkwe kwamba namwombea kwa jina lake. Kaka Cleophace anakusalimu. Yeye pia alitaka nisiende mlimani, sasa ameniazima tochi. Mungu aliyempumzisha mama yetu aitie nguvu mikono yenu, awape na usingizi. Ukitaka kunigombeza kwenye simu, utasubiri hadi Jumamosi, kule juu haishiki.

Ni mimi dada yako akupendaye sana, ambaye kuanzia Jumatano hayupo nyumbani,

Benadeta