Sanduku Moja la Risasi

Jumatatu, 5 Januari

Leo tena meza ya chakula imegeuka karakana. Mizani, maganda matupu, baruti kwenye kikopo chake. Nimekula wali jikoni, nimesimama.

Tangu astaafu, mume wangu Salim hanunui kitu anachoweza kukitengeneza mwenyewe, na risasi ni kimojawapo. Bunduki yake, ile ya kuvuta wenzo chini ya kifyatulio, na bastola yangu zinakula risasi za aina moja. Kwa hiyo anajaza sanduku moja la wote wawili. Ndiyo fahari yake, kila mgeni lazima asimuliwe. Nimechoka kuisikia.

Mkono wa kulia umeniuma mchana kutwa. Sijamwambia. Akijua ataniacha nyumbani Jumamosi, na Jumamosi uwanja wa shabaha ndipo mahali pekee tunapokwenda pamoja.

Jumamosi, 10 Januari



Uwanjani nilianza mimi. Bastola leo laini, haikuurusha mkono hata kidogo. Nikafurahi kama mtoto. Kisha Salim akashika bunduki. Ya kwanza ikalia sawasawa, ingawa si kwa kishindo chake cha siku zote. Ya pili ikatoa mlio mdogo, pu, kama kikohozi kilichozibwa. Karatasi ya shabaha haikuguswa. Naye akavuta wenzo kutia nyingine.

Nikapiga kelele, nikamshika bega.

Msimamizi akachungulia mtutu. Risasi imenasa katikati. Angefyatua tena, mtutu ungempasukia usoni.

Tumerudi nyumbani, Al Khoudh. Kasahau kutia baruti. Sioni jingine.

Jumapili, 11 Januari

Usingizi haukuja. Mama mkwe alianza hivi hivi. Kwanza chumvi mara mbili kwenye mchuzi, mwisho akasahau jina langu.

Nimeficha mizani kwenye kabati la mashuka. Salim kaitafuta, hakuuliza. Namwonea huruma, na namkasirikia kwa kunizeekea.

Jumatano, 14 Januari

Nimempigia Rayya, binti yetu, huko Qurayyat. Kasema silaha zote mbili zirudishwe polisi na baba yake apelekwe hospitali akapimwe kichwa. Atakuja Ijumaa tumwambie pamoja. Nimekubali.

Salim aliniona na simu. Akatoka kumwagilia mitende, ambayo alishaimwagilia asubuhi. Najiona msaliti.

Ijumaa, 16 Januari

Rayya kaja na samaki. Baada ya chakula akamwambia baba yake yote, taratibu, kama anasema na mgonjwa. Salim alimsikiliza mpaka mwisho.

"Sikusahau mimi," akasema. "Nlipunguza kusudi."

Nikamuuliza alipunguza nini, na kwa nini.

"Baruti. Mkono wako, Mama Rayya. Nnakuona unavyoshika birika kwa mikono miwili. Nlitaka bastola isikuumize."

Baruti kidogo inatosha mtutu mfupi wa bastola. Kwenye mtutu mrefu wa bunduki, risasi inaishiwa nguvu njiani. Yeye anayajua haya kuliko mtu yeyote. Lakini mazoea ni sanduku moja, na mkono wake ukachota humo humo.

Rayya akaenda kuosha vyombo vilivyokwisha oshwa. Mimi hasira zikanipanda kuliko siku ile uwanjani. Angekufa kwa ajili ya mkono wangu. Mimi namficha maumivu, yeye ananificha kuwa kayaona. Kimya kingi kina mshindo mkuu, na wetu nusura utokee mbele ya uso wake.

Nimelia. Sikumficha hilo.

Jumamosi, 17 Januari

Uwanjani hatukwenda. Nimeitoa mizani kabatini, nikaiweka mezani bila maneno. Tumezifungua risasi zote zilizobaki, yeye anachomoa vichwa, mimi nakusanya baruti. Kazi ya kuchosha. Bastola nitairudisha. Bunduki abaki nayo, ajaze risasi zake kwa nguvu yake inayostahili. Mimi nitakaa pembeni na chupa ya kahawa.

Alasiri kaniomba nimmiminie chai.

Nikamwambia mimina wewe, mkono unaniuma.

Akamimina. Nusu imeingia kisahani. Tukanywa.