Filimbi ya Kunyamazisha Mtaa

6 Februari

Mdogo wangu mpendwa,

Salamu nyingi kutoka kwangu na kutoka kwa goti langu la kushoto, ambalo siku hizi linajiamulia mambo yake lenyewe. Natumaini dereva wa basi atakufikishia barua hii ukiwa mzima, na kwamba baridi ya huko haijakugandisha masikio, maana ulijaliwa makubwa tangu utotoni na ingekuwa hasara. Sisi huku hatujambo. Wanaoumwa wanaumwa magonjwa yao ya siku zote, hakuna aliyeongeza jipya.

Sasa kaa chini. Kaka yako amepata cheo. Uliniacha fundi baiskeli mstaafu, mtu wa kukaa kibarazani na kuwasema wapita njia. Leo mimi ni mtunza ghala. Ghala lenyewe ni kontena la rangi ya chungwa lililowekwa pembeni mwa uwanja wa shule, mkabala na dirisha langu. Ndani yake mna vifaa vya dharura vya mtaa mzima: machela, kofia ngumu, mitaimbo, jeki za kunyanyulia zege, misumeno, kamba, ndoo na jenereta. Siku ardhi ikitikisika, kabla wazima moto hawajamaliza kufunga viatu, watu wetu wa kujitolea watakuwa wameshafika hapo.

Na anayewaongoza ni nani? Binti yako. Mtaa mzima tunamwita Kamanda. Mchana anashona sare za shule kwenye lile jengo la ghorofa nne la sokoni, jioni anatufundisha kubebana. Ana filimbi shingoni ambayo nadhani huoga nayo.

Usidhani nimepewa cheo kwa akili. Shule niliiacha mapema, na yenyewe haikunililia. Nilifukuzwa uwanjani. Katika mazoezi yao kuna kitu wanakiita kimya. Kamanda anapuliza filimbi mara tatu, mashine zote zinazimwa, kila mtu anasimama alipo na kufunga mdomo, ili aliyefukiwa asikike. Mdogo wangu, mtaa huu hauwezi. Filimbi ikilia tu, Mama Redio, yule muuza vitumbua na habari za watu, anapaza sauti kuwaambia wote wanyamaze. Fundi bomba anamwambia anyamaze yeye kwanza. Muuza mkaa anawaambia wote wawili waone aibu. Punde si punde kelele za kunyamazishana zinazidi zile za mwanzo. Mimi nikatoa maoni yangu kuhusu jambo hilo, nikaambiwa nikalinde kontena.

Kazi naipenda. Kamba nazianika, mitaimbo naifuta kutu, betri nazikalisha nje ya tochi kwa sababu zikikaa ndani zinavuja. Jenereta naiwasha kila wiki, inakohoa kama marehemu baba alivyokohoa akitaka kahawa.

Nisalimie shemeji na wote wa nyumbani.

Kaka yako

2 Machi

Kaka yangu mpendwa,

Shikamoo. Barua yako nimeipata na nimefurahi kusikia kwamba nyote mko salama. Sisi hapa wazima, tunamshukuru Mungu. Mke wangu amecheka mpaka akaacha chai ikamwagika. Masikio yapo.

Kaka, nina jambo la dhati. Binti yangu nimemtafutia nafasi huku. Ni kiwanda cha kushona, watu wa heshima, na chumba kipo tayari hapa kwangu. Wanamtaka kabla ya mwisho wa Juni. Nimemwandikia, akajibu ataona. Nimempigia, akasema yuko mazoezini. Wewe uko naye na anakusikiliza. Mtaa ule una majengo yaliyojengwa na watu wenye haraka, na ardhi yake sote tunaijua. Silali vizuri nikimfikiria. Nakuomba umlete kwangu. Mwambie kama baba yake mkubwa.

Safari hii usifanye mzaha.

Mdogo wako

25 Machi

Mdogo wangu,

Salamu tele. Hali yangu nzuri, goti limetulia baada ya kutishiwa hospitali. Natumaini nanyi mnaendelea vyema.

Nimefanya ulivyoniagiza. Nilivaa shati la misiba ili aone jambo ni zito, nikaenda mpaka kazini kwake. Wako chumba cha chini, yeye na mwenzake anayeshona vifungo, msichana mpole mwenye kicheko cha kujificha. Nikamweleza yote: kiwanda, chumba, usingizi wako. Nilisema vizuri sana, ungekuwepo ungenipigia makofi. Alinisikiliza mpaka mwisho huku akikata kitambaa kwa ule mkasi wake mkubwa. Kisha akasema, "Baba Mkubwa, kule nitakuwa salama peke yangu."

Basi. Nikaondoka na shati langu.

Mambo ya ghala yanakwenda. Fundi bomba alikuja kuazima jeki akainulie tangi la mteja, nikamwambia nitampa siku nyumba yake ikimlalia mgongoni. Alinuna, lakini Jumamosi akaja mazoezini. Wote wanakuja, huo ndio mshangao wangu. Watu wazima, wamechoka na kazi zao, wanalazwa kwenye machela, wanazungushwa uwanja mzima, wanaangushwa, wanagombana, na wiki inayofuata wamerudi.

Kimya bado kinawashinda. Safari iliyopita walikaribia, kisha muuza mkaa akapiga chafya na watu kama arobaini wakamwombea afya njema.

Nitajaribu tena kumsemesha. Usikonde.

Kaka yako

19 Aprili

Kaka,

Shikamoo. Tuko wazima.

Nimesoma barua yako mara kadhaa nikitafuta mahali ulipomwambia aje. Nimeona shati, nimeona chafya. Nilikuomba jambo moja. Ninyi nyote mnamshangilia binti yangu akicheza na filimbi, na hakuna hata mmoja wenu aliyemzaa. Mpandishe basi kabla Juni haijaisha. Kama hilo ni gumu kwako, usijisumbue kuniandikia.

Mdogo wako

11 Juni

Kaka yangu, kaka yangu,

Nasikia soko limeanguka. Redio imetaja mtaa wetu. Napiga simu yake haiiti, napiga yako haiiti, napiga ya Mama Redio ambaye simu yake haijawahi kupumzika, nayo haiiti. Nimekwenda stendi nikalala kwenye benchi, wanasema daraja limefungwa na mabasi hayavuki. Dereva huyu anasema atafika mpaka hapo, kisha atampa barua mtu wa kuvuka kwa miguu.

Yale niliyokuandikia Aprili yachome moto. Niandikie hata neno moja. Lolote lile, niandikie.

Mdogo wako

14 Juni

Mdogo wangu,

Yuko hai.

Sasa salamu. Mimi mzima, nimechubuka tu viganja. Kamanda yuko hospitali, mguu wa kulia umevunjika mahali pawili, mbavu zinamuuma akicheka, kwa hiyo nimekatazwa kuingia wodini bila msimamizi. Vuta pumzi. Ukishavuta, endelea kusoma.

Ilikuwa asubuhi, watu wakiwa kazini. Nilikuwa nimetandaza kamba juani. Ardhi ikaguna kwanza, kisha ikajinyoosha kama mnyama anayeamka. Kontena liliruka kutoka kwenye matofali yake, likatua, likasimama. Nilikuwa nimekaa chini bila kukumbuka kukaa. Vumbi halijatulia, nikawaona wanakuja: fundi bomba na kiatu kimoja, muuza mkaa mweusi kuliko mkaa wake, Mama Redio, walimu, wapangaji wa nyumba yako ya huku. Hakuna aliyeuliza chochote. Kila mmoja alinyoosha mikono, nami nikaijaza. Kofia, glavu, mtaimbo, pita. Jeki, mbao za kuegemeza, pita. Wakawa wanatazama huku na huku. Walikuwa wanamngoja Kamanda.

Hakuja. Tukaelewa sote kwa pamoja, na tukaenda sokoni.

Nikwambie nilichokiona. Nguo walizokuwa wameanika juu ya paa la ghorofa nne zilikuwa zinaning'inia usawa wa uso wangu. Shati la mtu lilinigusa shavu, bado bichi. Ghorofa zote nne zililala moja juu ya nyingine, na binti yako alikuwa chini yake.

Watu walikuwa wengi na kila mtu alikuwa anaita jina la mtu wake. Wengine wanalia, wengine wanavuta nondo kwa mikono mitupu, jenereta inanguruma, basi limekwama barabarani linapiga honi. Katika zogo lile hata ungefyatua mzinga usingesikika. Na wa kutuamuru alikuwa chini, na filimbi yake shingoni.

Kwenye sanduku la ghala kulikuwa na filimbi ya akiba. Nilikuwa nimeitia mfukoni bila kufikiri. Nikapanda juu ya ndoo, mimi na goti langu, nikapuliza mara tatu. Nikafumba macho nikimngoja Mama Redio apaze sauti.

Hakupaza.

Nikafumbua. Mama Redio alikuwa amejiziba mdomo kwa mikono yote miwili, machozi yanapita juu ya vidole. Muuza mkaa amesimama na tofali kifuani, hajaliweka chini ili lisilie. Jenereta imezimwa. Dereva wa basi akazima injini, na abiria wake, watu wa kupita tu, ambao hawakujua maana ya filimbi ile, wakasimama barabarani wakavua kofia. Ukimya ukatoka pale ulipoanzia ukawa unasafiri. Niliusikia ukienda: mtaa wa juu ukanyamaza, kisha ng'ambo ya soko, kisha kule ambako hata sikuona mtu. Mtaa huu, mdogo wangu. Mtaa ambao haujawahi kumpisha hata mchungaji amalize sala.

Tetemeko lilinitisha, sikatai. Lakini ukimya ule ulinifanya nitetemeke zaidi. Nilisikia chokaa ikichuruzika ndani ya kifusi. Nilisikia maji yakidondoka mahali. Nilikuwa nimesimama juu ya ndoo, mzee mpuuzi mwenye filimbi mdomoni, na maelfu ya watu walikuwa wameshika pumzi zao kwa ajili ya mtoto wako. Sijui nani alistahili kusimama pale, ila si mimi.

Hatukusikia kitu. Nikapuliza mara moja, maana yake endeleeni na kazi, nao wakaendelea. Baadaye nikapuliza tatu tena, wakanipa tena ukimya ule ule, mzima, bila hata kukohoa. Bado hakuna kitu. Safari iliyofuata fundi bomba alikuwa amelala kifudifudi, sikio lake liko juu ya bomba la maji lililochomoza kwenye zege. Akainua mkono. Nikashuka, nikaweka sikio langu pale. Mtu alikuwa anagonga. Anagonga, anapumzika, anagonga. Baadaye tulijua ni Kamanda: filimbi yake ilikuwa imezibwa na vumbi, akawa anagonga kwa ule mkasi wake wa kukatia.

Kuanzia hapo ni kazi tu: jeki inainua kidogo, mbao inaingia, ndoo zinapita mkono kwa mkono mpaka mwisho wa soko. Wazima moto walipofika na mitambo yao walitutazama, wakajipanga nasi kwenye mstari. Jua lilikuwa linaelekea kuzama tulipomtoa, mweupe kwa vumbi kama aliyepakwa unga. Nilikuwa nimeandaa maneno ya kumwambia, yakaniponyoka yote. Yeye akafumbua jicho moja akauliza, "Nani alikuwa anapuliza?"

Nikamwambia ni mimi.

"Baba Mkubwa, na ghala umemwachia nani?"

Hapo ndipo nilipojua kwamba atapona.

Mwenzake wa kushona vifungo hatukumsikia. Tulimsikiliza mpaka siku ya pili yake. Kila filimbi ilipolia mtaa ulinyamaza kwa ajili yake vile vile, haukuupunguza ukimya hata kidogo, mpaka mama yake mwenyewe alipokuja akaniambia, basi, inatosha.

Barua yako ya Aprili sikuichoma, niliifutia mikono yenye grisi, kwa hiyo mambo yamekwisha. Lakini ulikuwa na haki ya kuuliza, na mimi nilikujibu kwa mizaha. Sasa nakuambia bila mzaha. Mguu ukipona, basi linaweza kumbeba. Ukisema aje, nitamwambia aje, na safari hii nitasema kama baba. Amua wewe, nami nitatii, ingawa mimi ndiye mkubwa.

Kaka yako

8 Julai

Kaka yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini viganja vimepona na goti linakuheshimu. Sisi hapa wazima.

Simu zimerudi, kama ujuavyo, na nimemsikia. Tumezungumza, tumelia, kisha akaniambia nisubiri, muuza mkaa amekuja wodini kuuliza kamba zilizolowa zinakunjwaje. Nimesubiri.

Usimwambie aje. Ile nafasi nimewaambia wampe mtu mwingine.

Naandika barua hii badala ya kukupigia kwa sababu kuna jambo ambalo sitaweza kulisema kwa mdomo. Jengo ninaloishi lina ghorofa nane. Nimekaa humu tangu nilipofika. Jirani wa juu yangu namjua kwa hatua zake tu: anaamka mapema, anaburuta kiti, anatembea mpaka dirishani. Sura yake siijui. Naye sidhani kama anajua kwamba chini yake kuna mtu. Tangu nisome barua yako, kila nikisikia kile kiti nasimamisha ninachofanya. Nimejiuliza, hili likianguka, ni nani humu atakayenyamaza kwa ajili yangu? Na mimi nitanyamaza kwa ajili ya nani?

Jana nilipanda ngazi nikabisha hodi. Mlango ulifunguliwa kidogo tu, mnyororo ukiwa bado umefungwa. Bibi mmoja mwenye miwani akachungulia akaniuliza nauza nini. Nikamwambia siuzi kitu, mimi ni yule wa chini yako.

Alinikagua kutoka kichwani hadi miguuni. Kisha akaurudisha mlango, nikadhani ndiyo basi, nikaanza kugeuka.

Nikasikia mnyororo unatolewa.

Mdogo wako